Wiki ya Chaki Oberwolfach

Anayealikwa Oberwolfach mara nyingi hajui kama atazungumza. Anafika Jumapili jioni akiwa na barua ya mwaliko aliyoipata miezi mingi kabla. Barua ilimweleza tarehe na mada ya warsha, zamu yake haikuitaja. Ratiba hupangwa pale pale na waandaaji wachache, baada ya kuona nani amefika na nani ana jambo jipya mkononi. Watu wapatao hamsini wamekuja, na watakaosimama mbele ya ubao ni sehemu yao tu. Asiyepewa zamu hanuni. Katika jamii hii kualikwa ndiyo heshima; kusimama mbele ni kazi, tena kazi ya jasho.

Jamii ninayoisema ni ya wanahisabati, na pahali penyewe ni Taasisi ya Utafiti wa Hisabati ya Oberwolfach, katika milima ya Msitu Mweusi, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Mpita njia angeidhani hoteli ya mapumziko: nyumba ya wageni mlimani, misonobari nyuma yake, bonde la mto mdogo wa Wolf chini. Wenyeji wa bonde hilo wameishi kwa kilimo, mbao na madini, na mgodi wa Clara ulio jirani unajulikana na wakusanyaji wa mawe duniani kote kwa aina zake zaidi ya 400 za madini. Karibu kila wiki ya mwaka kundi jipya la wanahisabati huingia Jumapili na kuondoka Jumamosi. Wanavijiji wamekwisha kuwazoea. Mwaka 2010 walifungua jumba la makumbusho linaloweka madini na hisabati chini ya paa moja, ndoa ambayo sidhani kama ingefungwa kijiji kingine chochote.

Mwanzo wake haukuwa wa kujivunia. Taasisi ilianzishwa mwaka 1944, vita vikiwa vinaelekea ukingoni, na Wilhelm Süss, mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg na mwanachama wa chama cha Nazi, aliyewashawishi wakubwa wa serikali kwamba hisabati ni silaha. Jumba la zamani la Lorenzenhof likageuka kimbilio la wanahisabati na vitabu vyao, mbali na mabomu. Mwaka 1945, askari wa jeshi la Ufaransa walipotaka kulichukua, John Todd, mwanahisabati aliyekuwa akilitumikia jeshi la majini la Uingereza, alivaa sare yake akatangaza kwamba jumba liko chini ya ulinzi wa wanamaji hao. Bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapo. Askari wakaondoka.

Mwaka uliofuata alikuja mwanahisabati Henri Cartan kutoka Ufaransa. Mdogo wake Louis, mwanafizikia, alikuwa ameuawa na Wajerumani mwaka 1943. Hata hivyo Cartan alikuja, akakaa na wenzake wa Kijerumani, wakazungumza hisabati. Mwaka 1949 wakafuata vijana wa Kifaransa, Jean-Pierre Serre na René Thom miongoni mwao. Wote wawili baadaye walipata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati. Jaribu kuipanga meza kuu katika mkutano kama huo: nani angekaa kiti cha katikati, na nani angemkaribisha nani? Nadhani desturi za Oberwolfach zinaeleweka vizuri zaidi mtu akizitazama kutokea chumba hicho cha baada ya vita. Karibu zote zinafanya kazi moja, nayo ni kumvua mzungumzaji cheo chake ili aweze kuulizwa.

Sisi tunazijua semina zetu. Mgeni rasmi anasubiriwa, bango lina nembo za wafadhili, mikoba imegawiwa, na kila anayeshika kipaza sauti hutumia dakika tano za mwanzo kuwataja waheshimiwa, au akiwa na huruma anasema itifaki imezingatiwa. Swali huulizwa mwishoni, tena na mtu anayeanza kwa kushukuru. Simdharau mtu, adabu hiyo ina sababu zake, na mkutano wa kupitisha azimio unaihitaji. Lakini pahali ambapo kosa la mstari wa tatu linaweza kuangusha kazi ya miaka minne, adabu ya namna hiyo ni hasara tupu.

Desturi inayozungumzwa kuliko zote ni ya leso. Kila mgeni ana leso yake ya mezani ya kitambaa, ndani ya mfuko mdogo wenye jina lake. Kabla ya chakula cha mchana na cha jioni, watumishi wa ukumbi huichanganya mifuko hiyo na kuisambaza mezani. Ulipo mfuko wako ndipo pa kukaa. Huwezi kukimbilia meza ya marafiki zako, na profesa mwenye jina kubwa hawezi kujifungia na wakubwa wenzake. Mchana mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anajikuta kushoto kwa mtu ambaye kitabu chake amekisoma mpaka jalada likachanika. Jioni amehamishwa, yuko na Mjapani asiyemfahamu na Mbrazili anayefanya kazi tofauti kabisa na yake. Bakuli liko katikati ya meza, na kila mtu anampakulia mwenziwe. Wala si lazima wazungumze hisabati. Lakini mtu akishakuomba umpitishie viazi, siku ya pili unapata ujasiri wa kumwambia hukuelewa alichosema asubuhi. Mtu aliyebuni jambo hili alikuwa mjuzi wa watu kuliko wataalamu wengi wa uongozi wanaolipwa kwa siku.

Mengine yanafuata mkondo huo huo. Kwa miaka mingi vyumba havikuwa na funguo za kufungia kwa nje, na televisheni hazimo vyumbani. Maktaba, ambayo ni miongoni mwa bora duniani katika fani hii, haifungwi usiku. Divai na bia ziko wazi. Unachukua, unaandika mwenyewe kwenye karatasi, na mwisho wa wiki unalipa ulichoandika. Kuna chumba cha muziki chenye piano kubwa, na daima katika watu hamsini hupatikana wanne wanaoweza kupiga pamoja, kwa hiyo jioni moja ya wiki huwa na tamasha dogo ambalo hakuna aliyelipangia bajeti.

Sasa tuingie ukumbini. Ukumbi una mbao pana zinazopanda na kushuka. Mzungumzaji hujaza mmoja, anausukuma juu, anaendelea kwenye wa pili, na alichoandika mwanzo kinabaki machoni pa watu. Projekta ipo, na wapo wanaoitumia, lakini jamii hii bado inaamini chaki, na huko si kung'ang'ania ukale. Slaidi hukimbia. Mtu anaweza kupitisha kurasa sitini kwa saa moja, msikilizaji akatoka na picha nzuri kichwani lakini bila hoja hata moja. Mkono unaoandika kwa chaki hauwezi kwenda kasi kuliko akili ya anayetazama. Zaidi ya hapo, anayeandika bila kutazama karatasi anaonyesha kwamba jambo limo ndani yake. Akikwama, anakwama mbele ya watu wote, na hapo ndipo wanapomsaidia. Mapenzi ya chaki yamewafikisha mbali: kampuni ya Kijapani ya Hagoromo ilipofunga kazi mwaka 2015, maprofesa wa Marekani walinunua chaki za akiba za kuwatosha miaka. Baadaye mitambo ilihamia Korea, na chaki zikaendelea kupatikana.

Kuzungumza hapo kuna kanuni ambazo hazikuandikwa ukutani. Unaanza kwa kuandika kauli unayotaka kuithibitisha, juu kushoto, kwa herufi za kusomeka kutoka nyuma. Hutaji wadhifa wako. Watu uliofanya nao kazi unawataja kwa majina, ubaoni, kabla hujaanza, maana kuficha mshirika ni kosa lisilosamehewa upesi. Dakika za mwanzo ni za watu wote. Wenyewe hutaniana kwamba theluthi ya pili ni ya wataalamu, na ya mwisho ni ya mzungumzaji peke yake. Kisha unakatizwa. “Samahani, ile namba inaweza kuwa sifuri?” Swali linakuja sentensi ikiwa katikati, wakati mwingine kutoka kwa mzee wa mstari wa mbele aliyeonekana kusinzia. Mgeni wa desturi hizi anaweza kudhani ameshambuliwa. La hasha. Amepewa heshima: kuna mtu amemfuata mpaka mstari ule. Cha kuogopwa ni kimya. Mzungumzaji akimaliza na ukumbi ukawa kimya, mwenyekiti hutafuta swali lake mwenyewe ili kumwokoa, na kila aliyekaa anajua kwamba ni msaada.

Jibu la “sijui” hupokelewa bila mshangao. Msemaji analisema akiwa anatazama ubao, mara nyingine anaongeza, “Ngoja nifikiri mpaka jioni,” na jioni kweli anaonekana pembeni ya mashine ya kahawa akiwa na karatasi na yule aliyemuuliza. Nusu ya mhadhara hutokea hapo. Saa ikiisha, watu hupiga makofi, au Wajerumani hugonga meza kwa vifundo vya vidole kama walivyozoea vyuoni kwao.

Alasiri kuna kahawa na keki, na Jumatano alasiri hakuna mihadhara kabisa. Siku hiyo kundi zima huvaa viatu vya kutembelea na kupanda kupitia msituni, kwa kawaida hadi kitongoji cha St. Roman, ambako husubiriwa na keki ya Msitu Mweusi: tabaka za chokoleti, krimu, cheri, na pombe kali ya cheri iliyonyunyizwa bila woga. Mvua ikinyesha wengi huenda hivyo hivyo. Njia ni nyembamba, inatosha watu wawili wawili, na wawili hao hubadilika kila panapokuwa na mwinuko, mwenye pumzi fupi akibaki nyuma na kupata mwenzi mpya. Bila ubao wala karatasi, mtu analazimika kueleza hoja yake kwa maneno matupu. Hicho ni kipimo kikali. Hoja nyingi zinazong'aa ubaoni huchechemea mlimani.

Kabla ya kuondoka, aliyezungumza alikuwa akiandika muhtasari wake kwa mkono katika kitabu kikubwa cha mihadhara. Vitabu hivyo viko tangu miaka ya arobaini, vimepigwa picha na kuwekwa hadharani, na ndani yake unaona mwandiko wa vijana waliokuja kuwa vigogo, pamoja na mistari waliyoikata. Tangu mwaka 2004 kazi hiyo inafanywa na jarida la ripoti za warsha, ambalo ni safi zaidi na, kwa maoni yangu, halina raha hiyo. Picha ya pamoja nayo hupigwa kila wiki. Hapo tu ndipo semina zao na zetu zinapokutana.

Mara mbili kwa mwaka huwa kuna wiki ya aina nyingine, ambayo naona ndiyo inayoonyesha tabia ya jamii hii kuliko zote. Washiriki hukusanyika kujifunza somo jipya, na mihadhara hutolewa na wao wenyewe, watu ambao somo hilo si lao. Kila mmoja amepewa kipande akisome nyumbani na kuja kukifundisha. Mabingwa hukaa chini, wakisikiliza kazi zao zikielezwa na mtu aliyezijua juzi, na kumsahihisha anapopotoka.

Hata sanamu iliyo nje ya taasisi ina maana katika habari hii. Ni umbo la chuma lililojipinda na kujipenya lenyewe, zawadi ya kampuni ya Mercedes-Benz ya mwaka 1991. Linaitwa uso wa Boy, kwa jina la Werner Boy, mwanafunzi wa David Hilbert huko Göttingen. Hilbert alimpa kazi ya kuthibitisha kwamba umbo la namna hiyo haliwezekani katika anga ya vipimo vitatu. Mwaka 1901 kijana akarudi na umbo lenyewe. Wengine huweka mlangoni sanamu ya mwanzilishi. Hawa wameweka pingamizi la mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Lakini usawa huu una mlango, na mlango una bawabu. Huwezi kujiandikisha, unaalikwa. Waandaaji wanatakiwa kukumbuka vijana na wanawake wanapopendekeza majina, na wanakumbuka kuliko zamani, ila majina hutoka vichwani mwa watu wanaojuana. Taasisi hulisha na kulaza; nauli kwa kawaida ni ya mgeni au chuo chake. Kwa anayetoka Zurich hiyo ni tiketi ya treni. Kwa mhadhiri wa Dodoma au Eldoret ni ndege, viza ya Schengen, taarifa za benki na ruhusa ya mkuu wa idara. Leso huchanganya vizuri waliokwisha kufika; waliobaki nyumbani haiwafikii.

Janga la korona lilipofunga mipaka mwaka 2020, taasisi iliweka kamera ukumbini ili waliokosa kusafiri wafuate mihadhara kwa mbali. Ubao unasomeka vizuri kwenye skrini, na maswali yanaweza kuulizwa. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuuona ukumbi huo. Saa sita na nusu mwenyekiti huaga, waliopo huondoka kwenda kutafuta mifuko yao mezani, na aliye mbali hufunga kompyuta, ingawa swali alilotaka kumuuliza mzungumzaji ni la mezani.