TUWAFUNDISHE WATOTO KUOGELEA



Wilaya yetu ya Rungwe ina maji mengi. Mto Kiwira hutiririka mwaka mzima. Ziwa Masoko lina kina kirefu. Wakulima wengi wamechimba mabwawa ya samaki. Kila siku watoto huenda kuchota maji na kufua. Je, mtoto wako akiteleza, anajua la kufanya?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Shirika hilo linashauri watoto wa shule, kuanzia miaka 6, wafundishwe kuogelea na kuokoa.

Wenzetu wa Zanzibar walionyesha njia. Mwaka 2011 Mradi wa Panje ulianza kufundisha wasichana huko Nungwi. Walivaa nguo za kufunika mwili, hivyo dini na mila havikuvunjwa. Wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini nao walijifunza baharini, Muyuni. Kwetu Kawetele wasichana ndio wachotaji wakubwa wa maji. Wasiachwe nyuma.

Lakini tusianzie mtoni. Maji yetu ni baridi, yanakwenda kasi, na yana mawe. Tufuate hatua hizi:

1. Somo la kwanza lifanyike uwanjani, pakavu. Mwenzako akizama, usimrukie. Anayezama humkumbatia anayemwokoa, nao huzama wote wawili. Piga kelele watu wazima waje. Lala kifudifudi ukingoni, umnyooshee mwanzi. Au mtupie kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko.

2. Somo la pili liwe majini. Walimu na kamati ya shule wachague maji yaliyotulia, yasiyopita kiuno cha mtoto. Wawepo watu wazima wanaojua kuogelea. Mtoto aelee chali kwanza. Akizoea, ajifunze kusogea mpaka ukingoni.

3. Watoto wadogo hulindwa na wazazi. Bwawa la mita 1 ni refu kuliko mtoto wa miaka 3. Wewe mwenye bwawa, lizungushie uzio wa mianzi na mlango unaofungwa.

Uzio hauhitaji fedha nyingi. Somo la uwanjani halihitaji hata senti moja. Katika mkutano ujao wa wazazi, simama uulize: somo hili tutaanza lini?