Kompyuta ndogo ya mezani: Soma namba kabla ya kulipa

MWENYE duka la pembejeo anayetaka kuachana na daftari la mauzo huangalia mambo matatu: bei ya kompyuta, umeme na nafasi juu ya kaunta. Kwa yote matatu, kompyuta ndogo ya mezani inafaa. Lakini asiposoma namba zake, anaweza kununua mzigo.

Kompyuta hizi, kama ThinkCentre Tiny ya Lenovo, OptiPlex Micro ya Dell na EliteDesk Mini ya HP, zina karibu sentimita 18 kila upande na unene wa sentimita tatu na nusu hivi. Kampuni za nje zinapobadilisha mashine, za zamani huuzwa kama mtumba.

Udogo wake unatokana na vipuri vya ndani, ambavyo vingi ni vya aina ya kompyuta mpakato. Kumbukumbu ya RAM ni ile fupi, na adapta ya umeme hukaa nje. Nyingi hutumia adapta ya wati 65. Hata ikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa 10, kompyuta haimalizi uniti moja ya umeme. Skrini huhesabiwa peke yake.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni prosesa. Chukua mashine mbili za Intel, moja yenye i5-6500T na nyingine i5-8500T. Kwa nje zinaweza kufanana kabisa. Herufi T inaonyesha matumizi madogo ya umeme. Tarakimu 6 na 8 zinaonyesha kizazi.

Hapo ndipo fedha hupotea. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11, kwa prosesa za Core, kwa kawaida hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Ile ya kizazi cha sita inaweza kuwekewa Linux, ambayo ni ya bure, lakini hakikisha kwanza kuwa programu yako ya mauzo inafanya kazi humo.

Kiwango cha chini cha RAM kwa Windows 11 ni GB 4, ila GB 8 ni afadhali. Chagua diski ya SSD. Ina kasi na haina sehemu zinazozunguka.

Kumbuka pia kuwa skrini, kibodi na kipanya mara nyingi hununuliwa kando. Kama una skrini ya zamani ya VGA, angalia kama tundu lake lipo. Kompyuta hii haina betri kama mpakato, hivyo umeme ukikatika hesabu ambazo hazijahifadhiwa hupotea. Tenga fedha za UPS, na safisha feni mara kwa mara, hasa dukani kwenye vumbi la mbegu na chakula cha mifugo.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na akuonyeshe prosesa, RAM na diski kwenye skrini. Karatasi iliyobandikwa juu ya boksi isikutoshe.