LEZA INAVYOUSOMA UPEPO

Upepo hauonekani. Hapa Lindi tunaujua kwa vitu unavyobeba: moshi wa jiko ukilala upande mmoja, vumbi likiinuka njiani, nguo zikipepea kwenye kamba. Je, rubani aliye juu angani ataujuaje upepo ulio mbele yake?

Ndege ndogo za uwanja wa Wilson hupita juu ya mabati yetu. Ndege yoyote, ndogo au kubwa, inaweza kuingia mahali ambapo hewa inajiviringa kama maji ya mto yanayopita juu ya mawe. Huo ndio msukosuko wa hewa. Ukiwa ndani ya mvua, rada huweza kuutambua, kwa kuwa mawimbi yake hugonga matone ya maji na kurudi. Lakini katika anga safi rada haioni kitu. Tarehe 5 Machi 1966, mchana wa anga safi, ndege ya Uingereza aina ya Boeing 707 ilivunjika karibu na Mlima Fuji, Japani, kwa sababu ya upepo mkali uliovurugwa na mlima huo. Watu wote 124 walikufa.

Hapo ndipo leza inapoingia. Hata anga safi ina chembe za vumbi ndogo mno. Kifaa kiitwacho lida hurusha mwanga wa leza mbele ya ndege, na chembe hizo huurudisha kidogo tu. Si unajua matatu ikija mbio ikipiga honi sauti huwa nyembamba, na ikishakupita huwa nzito? Christian Doppler wa Austria alieleza jambo hilo mwaka wa 1842. Mwanga nao ni vivyo hivyo: chembe ikija kwetu mawimbi hubanana, ikienda hutanuka. Kompyuta hupima tofauti hiyo, ikaondoa mwendo wa ndege yenyewe, ikabaki na mwendo wa upepo. Chembe zikionekana kwenda ovyo ovyo, nyingine mbio, nyingine polepole, basi kuna msukosuko.

Mwaka wa 2018 shirika la anga la Japani, JAXA, lilijaribu lida katika ndege ya Boeing 777. Wacha tufanye hesabu. Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa, inakwenda mita 250 kwa sekunde. Msukosuko ukionekana kilomita 10 mbele, rubani ana sekunde 40. Ni chache, lakini zinatosha kuwaambia abiria wafunge mikanda na wahudumu waketi.

Shida ni kwamba juu sana vumbi ni haba, hivyo mwanga unaorudi ni hafifu. Vumbi tunalolilalamikia huku chini, huko juu linatafutwa!

Ndege nyingi za abiria bado hazina kifaa hiki. Tarehe 21 Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko ikiwa juu ya Myanmar. Abiria mmoja alikufa na wengi wakaumia. Waliokuwa hawajafunga mikanda walirushwa juu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukijaliwa kupanda ndege, usingoje kuambiwa. Funga mkanda wakati wote uketipo. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.