Risasi Nyepesi na Somo la Kuchagua

Wahenga walinena kuwa kila mlango na ufunguo wake. Nimeukumbuka usemi huu kila nilipotafakari jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji wa safu hii: namna washindani wa kulenga shabaha kwa bastola nchini Marekani wanavyochagua risasi zao. Nalileta mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu naamini lina funzo ambalo shule zetu zinalihitaji, tena funzo lisilohitaji mtu yeyote kushika silaha.

Mchezo wenyewe una historia fupi. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, liliundwa mwaka wa 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Mshindani hugawiwa alama kwa kulenga vyema, kisha alama hizo hugawanywa kwa muda aliotumia. Apigaye taratibu mno hushindwa, na apigaye ovyo hushindwa vilevile.

Je, nguvu hupimwaje? Hapa ndipo mwalimu wa fizikia anapopaswa kutega sikio. Waamuzi huzichukua baadhi ya risasi za mshindani, wakakipima uzito kile kichwa kinachoruka, kisha wakapima kasi yake kwa mtambo maalumu. Uzito hutajwa kwa greni, ambazo 7,000 hufanya ratili moja. Kasi hutajwa kwa futi kwa sekunde. Viwili hivyo huzidishwa, na jibu likagawanywa kwa 1,000. Chini ya kanuni za chama cha Marekani, USPSA, mwenye bastola ya daraja la wazi akitaka kuhesabiwa katika kundi la nguvu kubwa lazima afikishe 165. Akipungukiwa, lakini akafikisha 125, huhesabiwa katika kundi la nguvu ndogo, na kila pigo lililokosa kiini cha shabaha humpa alama chache kuliko mwenzake.

Mwanafunzi makini ataona mara moja kwamba kipimo hiki si kingine ila momenta, yaani tungamo mara velositi. Ataona pia kwamba 165 inaweza kufikiwa kwa njia nyingi. Kichwa cha greni 115, yaani gramu 7.45, kinahitaji kasi ya futi 1,435 kwa sekunde, ambazo ni takriban mita 437. Kichwa cha greni 124 kinahitaji futi 1,331, yaani mita 406 hivi. Momenta ni ile ile. Hebu sasa mwanafunzi huyo akokotoe nishati mwendo: chepesi kinabeba takriban jouli 713, kizito takriban jouli 661. Kanuni imewaona kuwa sawa, ilhali baruti iliyowasukuma si sawa.

Kwa nini basi mtu ajitwike gharama ya kichwa chepesi? Jibu limo mdomoni mwa mtutu. Bastola za daraja hilo hufungwa kifaa kiitwacho kompenseta, chenye matundu yanayoelekea juu. Risasi inapotoka, gesi ya baruti hufumka kupitia matundu hayo na kuusukuma mtutu chini, wakati ambapo teke la bastola linataka kuuinua. Ni ile sheria ya tatu ya Newton, ambayo wanafunzi wetu huikariri kama kasida. Kompenseta hulishwa na gesi; pasipo gesi ni chuma kitupu kinachoongeza uzito. Kichwa chepesi kinadai baruti nyingi zaidi ili kifikie kasi yake, na washindani huchagua baruti iwakayo polepole ili gesi ifike mdomoni ikiwa bado na shinikizo kubwa. Hivyo mtutu hutulia, na shabaha ya pili huonekana upesi.

Msomaji asidhani kwamba nimemaliza. Iondoe kompenseta, na hoja yote hupinduka. Gesi ile ile, itokayo kwa kasi kupita kichwa chenyewe, sasa inafuata mkondo wa mtutu na kuongeza teke mkononi. Ndiyo maana wengi wanaoshindana kwa bastola za kawaida, katika kundi la nguvu ndogo, hupenda kichwa kizito cha greni 147, ambacho kwa mita 259 tu kwa sekunde hutimiza 125 kwa baruti kidogo. Kilicho dawa kwa bastola moja ni sumu kwa nyingine. Hata kwenye kompenseta, wepesi una mpaka: kishindo huwa kikali, baruti huliwa zaidi, na mwenye kujaza risasi kwa mkono akivuka kiwango kilichopimwa, ganda huweza kupasuka na kumdhuru.

Naam, hapa ndipo ninapotaka kusimama na walimu wenzangu. Shule zetu zimezoea kuuliza, "Wanaoongoza wanafanya nini?" kisha zikaiga. Shule yenye maabara kamili na mabweni yenye umeme wa kutegemewa huwaamsha wanafunzi alfajiri, nayo hung'ara. Shule ya kutwa, ambayo watoto wake hutembea kilomita nyingi kabla ya kengele, huiga saa zile zile, na watoto husinzia darasani. Imeipokea gesi pasipo kompenseta. Kisha tunasema wanafunzi ni wazembe! Mwiga tembo kunya, walisema wazee, hupasuka msamba. Mbinu haina ubora wake yenyewe; ubora wake hutokana na chombo inachotumikia. Swali la haki ni hili: sisi tuna nini, na mbinu hii inalishwa na nini?

Najua watakaonilaumu kwamba nchi iliyolizwa na bunduki haifai kuzitolea mifano darasani. Lawama hiyo ina uzito, nami siidharau. Sheria yetu ya silaha humtaka mtu awe na cheti kabla ya kumiliki bastola, na ni vyema iwe hivyo. Sipendekezi silaha, baruti wala ganda tupu liingie shuleni. Chaki inatosha. Mwalimu asiyependa mfano huu atumie mpira wa maji wa wazima moto, ambao maji yakitoka kwa kasi humrudisha nyuma anayeushika, au puto lililofunguliwa mdomo. Lakini mwanafunzi akishakutana na tatizo ambalo jibu lake ni "inategemea", kisha akalazimika kuonyesha kwa hesabu inategemea nini, hatakuwa tena kasuku wa kanuni.

Nasisitiza neno hilo, kwa hesabu. "Inategemea" isiyokokotolewa ni uvivu uliovishwa kanzu. Mshindani hawezi kujitetea mbele ya waamuzi kwa maneno. Mtambo husoma kasi, mizani husoma uzito, na kuzidisha hakuna upendeleo. Nawaomba walimu wa fizikia wawape wanafunzi tarakimu nilizozitaja hapo juu, bila jibu, wawaulize ni kichwa kipi kifaacho. Atakayejibu upesi, "chepesi" au "kizito", arudishwe kitini. Atakayeuliza kwanza, "Kwa bastola gani, mwalimu?" huyo ameanza kuelimika.