Smile 2: Nani Alichezwa, Skye ama Sisi?

Kuna mahali kwa Smile 2 madansa wanatokea ndani ya keja ya Skye Riley. Hujui wameingilia wapi. Ni usiku, ako peke yake, anageuka anapata mbogi nzima imejazana kwa korido, meno nje, wameganda kama picha ya ukutani. Akiangalia kando kidogo tu, wamesonga. Wamebebana, wamepindana, mikono imetokea mahali mikono haifai kutokea, na kila uso unamchekea yeye.

Tulikuwa tumekaa sita kwa laini moja, sinema ya tao, na wasee wenye walikuwa wanapiga nduru tangu mwanzo wakanyamaza jii. Dem wa mbele yangu alikuwa ameshika popkoni, mkono umekwama nusu njia, na haukufika mdomoni mpaka hiyo kitu ikaisha.

Sisi tumekuzwa na muvi za banda. Mabati, benchi za mbao, tivii moja imewekwa juu, DJ Afro akimwaga tafsiri, na kila mtu akibonga na skrini: "Wewe, geuka, ako nyuma yako!" Kwa hivyo muvi ya kutisha mimi sipimangi na mahali watu wamepiga nduru. Nduru ni rahisi, ata mlango ukigongwa ghafla utaipata. Mimi naangalia mahali wamenyamaza.

Tulipotoka, ngori ikaanza kabla ata tufike steji ya mat. Jamaa mmoja wetu, mtu wa Umoja, alikuwa amewaka vibaya. "Manze tumechezwa! Mulla yangu, masaa mawili yangu, alafu mnanishow hiyo yote haikutendeka?" Na sio yeye peke yake. Hiyo ndio kelele kubwa kuhusu hii muvi tangu itoke Marekani tarehe 18 Oktoba 2024, na ndio maana nimekaa chini kuandika. Kama bado hujaicheki na unadai kuicheki, wekelea hii stori kando, ju naenda kumwaga mtama wote.

Skye ni staa wa pop. Mwaka mmoja nyuma alipata ajali ya gari, chali wake akadedi, yeye akabaki na makovu na mgongo wa kuuma. Saa hii mathake, mwenye pia ndio meneja wake, anataka ziara ianze. Ju Skye alikuwa ameshikwa na madawa, hawezi tu kwenda kwa daktari adai kitu kali ya maumivu. Anaenda kwa Lewis, chali anauza. Anampata amechizi, anatetemeka, alafu ghafla ametulia, anasmaili, na anajiponda uso na chuma ya jim mpaka anaanguka. Laana imeruka hapo. Ni ile ile jini ya muvi ya kwanza: mwenye ameona ndio anafuata, na siku zake zinahesabika.

Sasa shida ya jamaa wa Umoja iko huku mwisho. Gemma, beste ya Skye, amekuwa naye siku hizo zote, wamesameheana, wanatoroka pamoja na gari. Simu inaita. Ni Gemma. Gemma wa ukweli, na hajawahi kuja. Kutoka hapo kila kitu inabomoka. Morris, yule nesi mwenye alisema anaweza kumsimamisha moyo kidogo ndio hiyo jini ikose pa kukaa, huo mpango wote ulikuwa hewa. Mathake, mwenye tulidhani ameuawa, amekaa kwa umati akimwangalia. Skye ako jukwaani, kwa shoo yake, mbele ya maelfu ya watu, na hiyo kitu inamwingia. Anajiua na maiki. Kamera inabaki na sura za mafani.

Wahakiki waliipenda, na wengi walisema inashinda ya kwanza. Kwa Rotten Tomatoes ilipita asilimia 80, na sikweli za kutisha hazifikangi huko ovyo. Mahali walilia ni urefu: dakika 127, na ya kwanza ilikuwa 115. Hapo nawapa haki yao. Kuna robo saa hapo katikati ungeitoa na hakuna mtu angeitafuta.

Watu wa kawaida je? Marekani kuna hawa wasee wa CinemaScore, wamekuwa wakifanya hivi tangu miaka ya sabini inaisha. Usiku wa kwanza wanasimama kwa mlango wa sinema, unapewa kikaratasi, unaipea muvi gredi, kutoka A+ mpaka F. Muvi za kutisha huumia sana hapo, ju mtu anatoka akiwa ameshtuka, ama hajashtuka vile trela ilimwahidi, na hasira yote inaishia kwa kikaratasi. Hereditary ya 2018 wahakiki waliibeba juu sana, na bado hao watu wakaipea D+. Smile ya 2022 ilipata B-. Hii ya pili ikapata B. Kwa hesabu ya shule hiyo ni hatua ndogo, lakini kwa muvi yenye inakunyang'anya nusu ya stori ukiwa umekaa hapo, mimi naona ni kubwa.

Doh ndio ilienda njia ingine. Ya kwanza ilitengenezwa na kama dola milioni 17 na ikaleta zaidi ya milioni 200 duniani. Yaani muvi yenye ilikuwa imepangwa iende moja kwa moja mtandaoni, ikajaribiwa mbele ya watu, wakaipenda, ikapelekwa sinema. Na walivyoitangaza! Walipeleka watu wakakaa kwa mechi za besiboli, nyuma ya mchezaji, wakismaili kwa kamera bila kupepesa. Ya pili ilikula milioni 28, ikarudisha kama 138. Si hasara. Lakini hiyo mbinu ya kusmaili kwa umati watu walikuwa wameshaizoea, na wiki moja tu mbele yake Terrifier 3 ilikuwa imeshaingia sokoni na damu yake yote. Mwenye alikuwa na pesa ya tiketi moja ya kutishwa mwezi huo, wengi walikuwa wameshaitumia.

Kuna kitu kimoja sijaskia mtu akibishania: Naomi Scott. Huyu ni yule Jasmine wa Aladdin ya 2019, na mathake alizaliwa hapa jirani, Uganda, kwa familia ya Wagujarati. Nyimbo za Skye ameziimba mwenyewe, na zikatolewa kama kanda fupi ya Skye Riley, kama staa wa ukweli. Anacheza, anaimba, analia, anavunjika, na hakuna mahali unaona akijikakamua. Ilipofika wakati wa Oscar, jina lake halikutajwa. Ilikuwa hivyo pia kwa Toni Collette na hiyo Hereditary. Inaniuma, ju mtu akilia kwa muvi ya vita ni kipaji, akilia kwa muvi ya jini ni kelele.

Mwangalie na maji. Kila kiu ya dawa ikimshika, anachukua chupa, anaifungua, anakunywa yote bila kupumua, koo linapanda na kushuka, macho yamefungwa. Mara ya kwanza unadhani ni kiu tu. Mara ya tatu umeshika kiti. Hakuna jini hapo, ni dem na chupa ya maji.

Ama ile siku ya kupiga picha na mafani. Laini ndefu. Mtu anakuja, anakumbatia, wote wanasmaili, picha, anayefuata. Anakuja jamaa anamng'ang'ania, anaondolewa, na Skye anatakiwa apange sura upya sekunde hiyo hiyo. Alafu anakuja msichana mdogo na waya kwa meno, hasemi kitu, anachekelea tu. Sinema ilipiga nduru ya huyo mtoto. Sistangu alikuwa amekaa kando yangu, anafanya kazi ya kupokea wageni kwa hoteli moja, na yeye ndiye pekee kwa laini yetu hakupiga nduru. Alinishika mkono mapema, kwa yule jamaa. Akaninong'oneza, "Ona vile amerudisha uso."

Hapo ndio mimi na jamaa wa Umoja tunaachana. Anasema amechezwa, na ni ukweli, amechezwa. Ameshika matumaini ya Morris, ameshika urafiki wa Gemma, na vyote vimetolewa mkononi mwake. Lakini Skye naye alikuwa ameshika nini? Vitu hivyo hivyo. Kama Parker Finn, mwenye ameandika na kuiongoza, angetuachia dirisha tujue mapema kitu gani ni ya ukweli na gani ni ya jini, tungekuwa tumekaa salama tukimhurumia kutoka mbali. Amekataa. Hasira yenye ulitoka nayo ndio kitu cha karibu zaidi utapata na kichwa cha huyo dem. Kwa ya kwanza laana ilikuwa inaruka kwa mtu mmoja, mmoja. Hapa amechagua mtu mwenye anaangaliwa na maelfu, wenye wamelipa kumwona akismaili, na ameipeleka kwao wote mara moja. Sasa wanaoangalia kwa skrini ni wengi, na sisi tulikuwa tumekaa tunaangalia pia.

Nilimshow hayo yote tukiwa tumesimama kwa baridi. Akanishow, "Fiti, lakini mulla yangu bado imeenda." Tukaingia mat tukibishana.

Sistangu alikaa dirishani, hajasema kitu tangu tutoke. Makanga akafika kwetu kuchukua doh, akamwangalia. "Msupa, mbona umenuna hivyo usiku? Si usmaili kiasi." Laini yetu yote, wasee watano wenye wamekuwa wakipiga kelele kutoka tao, ikanyamaza jii. Sistangu akampea mia, akangoja chenji yake, akafunga dirisha.