Jina la tovuti: kabla hujalipia, lisome kwa sauti

Wapambanaji wa mtandaoni, leo tuongelee jina la tovuti, yaani domeini. Wengi tunauza Instagram na WhatsApp na maisha yanaenda. Ila akaunti ikifungwa au ikidukuliwa, wateja wote wamebaki humo. Domeini unailipia mwenyewe kila mwaka, na ukihama mahali pa kuuzia unahama nayo. Ndiyo maana ukikosea kuichagua, utaishi na kosa hilo muda mrefu.

Chukulia uko Mzumbe, unauza mdalasini, pilipili manga na mboga za kukausha kutoka milima ya Uluguru. Wazo la kwanza ni kuweka "mzumbe" kwenye jina ili watu wakikutafuta Google wakuone. Hebu andika Mzumbe sasa hivi kwenye simu yako. Utakutana na chuo kikuu: udahili, ada, nafasi za masomo. Anayeandika neno hilo anatafuta chuo, hatafuti mdalasini. Utakuwa unashindana na mzumbe.ac.tz kugombea watu ambao si wateja wako! Na kama ni mwanafunzi, ukimaliza ukahamia Dodoma, jina linakubana.

Mahali ulipo pataje kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye maelezo ya bidhaa, na kwenye Google Maps, ambako kusajili biashara ni bure. Mtu akiandika "viungo Morogoro", hivyo ndivyo vitakavyokusaidia zaidi.

Sasa je, jina la bidhaa liingie? Neno moja, sawa, linamwambia mteja unauza nini kabla hajabofya. Lakini kuna mafundi bado wanauza ujanja wa zamani: nunua jina refu kama bei-nafuu-viungo-vya-pilau-morogoro, Google itakupandisha juu. Septemba 2012 Google ilibadilisha mfumo wake ili tovuti hafifu zisipande kwa sababu tu jina lake linafanana na kilichotafutwa. Fundi anayekuuzia hilo leo amechelewa zaidi ya miaka kumi. Maelezo mazuri ya bidhaa, picha zako mwenyewe na tovuti inayofunguka haraka kwa bando dogo vina uzito kuliko jina.

Jina linakosaidia kweli ni pale mteja anapokumbuka na kukutafuta wewe mwenyewe. Hapa ndipo wengi tunapokwama. Mpigie rafiki simu, mtajie jina mara moja tu, halafu akutumie alivyoliandika. Chukua neno "Uluguru" lenyewe: mwingine ataandika Uruguru, mwingine Uluguru, na wote wanaamini wako sahihi. L na R zinatuchanganya, tusidanganyane. Ukilipenda sana jina lenye mtego huo, nunua na hilo la kukosea uliunganishe na lako. Namba 4 badala ya "kwa ajili ya", x badala ya s, vistari katikati, achana navyo. Maneno matatu yakibanana nayo hayasomeki. Herufi kubwa hazisaidii, domeini haizitambui.

Mwisho wa jina: .co.tz au .com? Kama wateja wako wako Tanzania, chukua .co.tz. Google huichukulia .tz kama ishara kwamba tovuti ni ya watu wa hapa. Ukiwa na wateja Oman au Uingereza na hela inatosha, ongeza .com. Suala hili lina upande wa sheria pia. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alipokamatwa, moja ya mashtaka yaliyofuata lilikuwa kuendesha mtandao wenye domeini isiyosajiliwa Tanzania. Walikuwa wanatumia .com. Majina ya .tz huuzwa na wasajili walioidhinishwa, kwa hiyo uliza kwanza kama unayemlipa ni mmoja wao.

Na lisajiliwe kwa jina LAKO, kwa barua pepe YAKO. Fundi akilisajili kwa jina lake, siku mkigombana au akibadilisha namba, duka lako liko mfukoni mwake. Omba uonyeshwe usajili kabla hujamalizia malipo. Tarehe ya kulipia tena iweke kwenye kalenda ya simu, maana likiisha muda mwingine anaweza kulichukua.

Umeshakosea na unataka kubadilisha? Inawezekana, ila ina gharama. Chuo cha Mzumbe kilianza 1953 kama shule ya serikali za mitaa, kikawa IDM mwaka 1972, kikawa chuo kikuu 2001, na wapo wazee ambao mpaka leo kwao ni IDM tu. Google nayo huchukua muda kuzoea. Mwambie fundi kila ukurasa wa zamani uelekeze moja kwa moja kwenye wake mpya, usiishie wote ukurasa wa mwanzo. Halafu endelea kulipia jina la zamani angalau mwaka mzima, kwa sababu kuna wateja wameshalisevu.