Ngeli na Umbo la Tumbawe la Matawi: Mfano wa Pocillopora damicornis

Neno ngeli lina maana moja kwa mwanafunzi wa sarufi na maana nyingine kwa mwanabiolojia anayeandika kwa Kiswahili. Kwa wa kwanza, ngeli ni kundi la nomino zenye upatanisho mmoja. Kwa wa pili, ni daraja la uainishaji wa viumbe lililo chini ya faila na juu ya oda. Maana hizi mbili hukutana, na pengine kugombana, juu ya kiumbe mmoja anayetajwa sana katika orodha za matumbawe ya Bahari ya Hindi, yaani Pocillopora damicornis. Makala haya yanalenga kueleza sura na uainishaji wake, na kuonyesha kwa nini umbo peke yake si shahidi wa kutegemewa.

Kwa macho, tumbawe hili ni kichaka kidogo cha matawi mafupi yaliyosongamana, aghalabu lisilozidi sentimita 30. Rangi yake huwa ya kahawia, waridi au kijani hafifu. Juu ya matawi mna vinundu mithili ya chunjua. Katika spishi jamaa iitwayo Pocillopora verrucosa, chunjua hizo hujitenga wazi na tawi. Katika damicornis ni vigumu kusema chunjua inaishia wapi na kijitawi kinaanzia wapi. Likitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonekana limejaa vishimo, kila kimoja upana wa milimita 1 hivi. Humo ndimo akaamo mnyama mwenyewe, polipu, mwenye minyiri 12, anayejijengea kikombe cha chokaa. Jina la jenasi lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kikombe kidogo, na damicornis ni kusema pembe za paa. Ndani ya mwili wa polipu huishi mwani wa seli moja unaojitengenezea chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wake. Ndiyo sababu tumbawe hili hupendelea maji ya kina kifupi.

Basi ni mnyama, tena mla nyama, kwani minyiri yake hunasa vijidudu vya baharini. Lakini sarufi yetu haimtambui hivyo. Kifaru na kipepeo wamevaa kiambishi cha KI-VI na bado tunasema kifaru amelala. Tumbawe halikupewa heshima hiyo: tumbawe limevunjika, matumbawe yamekufa. Hata katika makala haya nimelazimika kuandika "tumbawe hili". Yamkini wahenga wa pwani walilijua kwanza kama jiwe la kujengea na la kuchomea chokaa, na lugha ikafuata matumizi. Marijani nayo, inayosifiwa kama kito, ni ukoo wa mbali: marijani nyekundu ya Bahari ya Kati ina polipu wenye minyiri minane.

Wanasayansi nao walibabaika. Mwaka wa 1758 Linnaeus aliliweka katika jenasi ya Millepora, ambamo leo mmebaki matumbawe-moto yawashayo ngozi, ambayo ni ya ngeli nyingine kabisa, Hydrozoa. Lamarck ndiye aliyeunda jenasi ya Pocillopora mwaka wa 1816. Kwa uainishaji uliozoeleka, tumbawe letu limo katika faila ya Cnidaria, ngeli ya Anthozoa, oda ya Scleractinia (matumbawe-mawe) na familia ya Pocilloporidae.

Ugumu umo katika spishi. Mahali penye mawimbi makali, matawi hunenepa na kusongamana. Kwenye maji matulivu nyuma ya mwamba, hurefuka na kuwa membamba. Lamarck aliyaita yenye matawi membamba Pocillopora acuta. Baadaye wataalamu, wakijua jinsi maji yanavyofinyanga tumbawe, waliamua kwamba acuta ni damicornis tu katika maji matulivu, wakalifuta jina hilo. Hoja yao ilikuwa na mantiki. Hata hivyo, uchunguzi wa jeni ulionyesha kuwa ni spishi mbili, na mapitio ya mwaka wa 2014 yakalirejesha jina la Lamarck.

Jambo hili si la makabati ya makumbusho pekee. Mwaka wa 1998 joto la bahari lilipopanda, mwani ulitoka ndani ya polipu, matumbawe yakapauka na mengi ya Kenya yakafa. Ya matawi, Pocillopora na Acropora yakiwemo, yaliumia kuliko yale manene ya Porites. Anayetaka kujua ni kipi kilichopotea na kipi kilichorudi hutegemea orodha. Spishi mbili zikiandikwa kwa jina moja, moja yaweza kutoweka mahali huku nyingine ikiongezeka, na hesabu isionyeshe pengo lolote. Kwa hiyo orodha zilizoandikwa kabla ya 2014 zinafaa kusomwa kwa tahadhari: damicornis iliyomo yaweza kuwa acuta, au zote mbili, na picha ya umbo haitoshi kuamua.